Konje ya siku 14: twende Malawi na batoto, lakini hesabu kwanza

Kila mwaka mwezi wa saba ukikaribia, mazungumuzo ni yaleyale mu maparseli yetu. Baba amepata konje. Mama anauliza: sasa tunaenda wapi? Jibu: tunabakia hapa. Siku ya kwanza baba analala. Siku ya pili anaenda ku kilio ya shemeji ya rafiki yake. Siku ya tatu bantu benye anabakia na deni yao banasikia kama eko ku nyumba, banafika moja moja, banaikala pa kiti. Siku ya kumi anachoka kupita vile alikuwa ku mine. Kisha anarudia ku posti, na batoto hawakupata hata saa mbili zenye kufuatana pamoja naye.

Sisi benye kuandika hapa ni jamaa sita za Katuba na za komini ya Kenya. Kati yetu kuko benye kuendesha mashini minene mu karyeri, kuko benye kutumika ku uzini, kuko babili ba sutretansi, na mukrezere moja mwenye hana shefu wala konje, yee anajipatia konje yake wakati mvua inajaza shimo. Mama za jamaa banauzisha ku soko, moja anafundisha ku masomo ya primere. Toka miaka ine tunafanyaka likelemba siku ya yenga kisha misa. Mwaka huu tumekata neno: mwezi wa saba tunaenda Malawi na motokari, jamaa nzima, batoto ndani. Na tunaandika juu tunaona kama jamaa zingine za mine zinaweza kufanya vilevile, zikikubali kupanga mbele ya kutoka.

Bantu banatucheka. Malawi? Kufanya nini? Mutu wa Lubumbashi akisema anasafiri, ni Dubai, ni Afrika ya Kusini, ao kama hana franga ya kutosha ni Lusaka kununua motokari. Malawi hakuna mutu anaendaka kutembea. Vizuri, tuanze na ile neno.

Malawi ni inchi ndogo. Eneo yake ni karibu kilometa za mraba 118,000. Haut-Katanga yetu peke yake inapita 130,000. Ni kusema ile inchi nzima, na raisi wake na bendera yake na Ziwa lake, unaweza kuitia ndani ya provensi yetu na kipande kinabakia. Na barabara ya lami inatoka mupaka wa Tanzania mpaka chini kabisa ku kusini. Sasa angalia Kode yetu ya Kazi ya 2002: inatoa konje ya siku moja ya kazi, ao zaidi, kwa kila mwezi mwenye ulitumika. Kwa mutu mupya ni siku 12 za kazi kwa mwaka. Ukiongeza siku za yenga unapata siku 14 hivi. Inchi gani unaweza kuona mu siku 14, na kwenda na kurudi ndani, na bibi na batoto, bila ndege? Congo yetu hapana. Zambia, unaona paka barabara. Tanzania, ukifika Dar es Salaam siku zimekwisha. Malawi inaenea.

(Bandugu ba sutretansi batasema: ile Kode tunaisikia paka ku redio. Tunajua. Moja kati yetu aliomba konje yake, banamuambia aende, na akirudi banamuonyesha kama kontra imekwisha. Yee njo mwenye kushindana mingi ku mukutano juu safari ifanyike, asema: nikikosa kwenda juu ya woga, banaisha kunikula mara mbili.)

Kuko neno lingine lenye banatutupia, na hili ni la haki. Asema: mbona hamuanzi na bya kwetu? Lofoi iko hapa, maporomoko ya maji yenye kupita metre 300, ndani ya park ya Kundelungu, bazungu banatokaka mbali kuja kuiona, na ninyi mutoto wenu hajaiona. Ni kweli. Lakini fasi ya Lofoi inaomba jeep ya nguvu na mutu mwenye kujua njia, na kisha kutembea kwa muguu. Sisi tuko na Hiace mbili za zamani na batoto kumi na babili, mudogo wao eko na miaka mitano. Njo vile tulivyo: ni rahisi kwetu kufika ku ziwa la inchi ingine, kilometa 1,400 mbali, kupita kufika ku maji ya provensi yetu. Haya ya ile neno si juu yetu.

Na Malawi si inchi ya bageni kwetu. Wazee benye kuikala zamani hapa banajua jina Banyasa. Wakati uzini ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza mu 1911, bantu ba kazi hawakutoka paka hapa. Batoka Rhodesia ya Kaskazini, na bengine batoka Nyasaland, njo Malawi ya leo, na kati yao kulikuwa benye kujua kuandika na kuhesabu, banakuwa bakarani. Walisomea kwa bamisionere ba Livingstonia. Kuko jamaa hapa mujini zenye jina la kule na hazijui tena kijiji. Moja ni ya kwetu, ya mwalimu: babu ya mama yake alisema anatoka “ku maji”, na batoto bakawaza ni Moero. Juzi tu, kwa kusikia ginsi alikuwa anahesabu na kuita samaki, tukaelewa ni maji gani.

Hata njia si mupya. M'siri wa Bunkeya alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Ile kundi ya Captain Stairs, yenye ilimumaliza, ilirudia ku bahari kwa kupita Ziwa Nyasa na muto Shire na Zambezi. Stairs mwenyewe akafa na homa ku Chinde, mwezi wa sita 1892, mbele ya kupanda mashua ya kwenda kwao. Na mbele ya pale, bachuuzi ba Waswahili batoka ku pwani walikuwa na mji wao Nkhotakota, ku ngambo ya ziwa, chini ya mufalme mwenye banaita Jumbe. Meno ya tembo na bantu bakufungwa bapita pale kwenda ku bahari. Luga hii yenye tunaandika leo mu gazeti ilitembea na njia za vile.

Sasa, kupanga. Tunasema wazi: mwaka jana tulipima na tukashindwa, na kosa ilikuwa yetu. Tulitoka saa kumi ya asubui, na bukari ya kukauka na kuku mu sahani, batoto banaimba. Tukafika Kasumbalesa, kilometa karibu 90 tu, tukapita foleni ya makamio yenye kila mutu anajua. Ku mulango banauliza: karte ya manjano. Sisi wote tukainua mukono, kila mutu na karte yake ya chanjo ya homa ya manjano, tukajisikia bantu ba akili. Ule mukubwa akacheka. Asema: hii ni ya bantu, iko wapi ya motokari? Hatukujua kama kuko karte ya manjano ya pili, ya COMESA, asiranse yenye kulipa ukigonga mutu ao motokari ya mutu mu inchi zingine. Moja ya motokari ilikuwa nayo, ya pili hapana. Na ile ya pili iliandikwa ku jina ya kaka mwenye alibakia Likasi, bila barua yake ya kuruhusu. Saa tisa ya mchana tulikuwa tumerudia Lubumbashi. Kuku tulikulia ku parseli. Mutoto moja aliuliza kama hii njo Malawi.

Ile siku ilitufundisha kupita kitabu. Mwaka huu karatasi zimepata mutu wake: mama mwalimu anaweka yote mu kartable moja, na hakuna mutu mwingine anagusa. Pasipoti kwa kila mutu, mutoto ndani, na uangalie tarehe ya mwisho, juu pasipoti yenye kubakiza mwezi moja si pasipoti. Karte ya chanjo, ile ya bantu. Karte ya COMESA, ile ya motokari. Karte rozi na barua yenye sinyatire kama motokari si ya kwako. Kama mutoto anasafiri na mujomba ao na shangazi, barua ya wazazi yenye tampo ya komini. Juu ya viza, usisikie jirani. Malawi imebadilisha sheria zake za viza miaka hii ya karibu, na yenye ilikuwa kweli kwa shemeji yako inaweza kuwa imekufa. Andika ku ubalozi wao, pata jibu mu maandishi, ubebe ile karatasi. Kwa Zambia ni rahisi zaidi, konsula yao iko hapa mujini. Na ku duane ya Zambia uweke franga pembeni: motokari ya kigeni inalipa taksi zake mbele ya kupita, kisha peaje njiani.

Njia yenyewe si ya kupotea. Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka. Pale mutu wa mine hahitaji maelezo, ni Copperbelt, ni shaba ileile yenye kupita chini ya mupaka bila pasipoti. Toka Lusaka unageuka kushoto, barabara ya mashariki, unavuka muto Luangwa ku daraja, milima inaanza kupinda, kisha Chipata. Toka Lusaka mpaka Chipata ni karibu kilometa 570, na toka Chipata mpaka Lilongwe karibu 145. Yote pamoja kutoka hapa, karibu 1,300. Tutakata mu siku tatu: kulala Kapiri, kulala Nyimba, siku ya tatu Lilongwe. Kuko benye kusema banaweza kuimaliza mu siku moja na nusu. Banaweza. Sisi benye kuendesha kamio ya tani mia ku mine tunajua mutu mwenye hajalala eko vile gani ku saa kumi ya usiku, na ku mine hakuna mbuzi wala muzee na kinga bila taa. Sheria yetu ni moja: jua likianguka, motokari zinasimama. Hata kama kijiji ni kibaya.

Neno la usukani. Motokari zetu, kama nyingi za hapa, ziko na usukani ku kuume, na banatutukanaka kila siku juu yake. Kule banaendesha ku kushoto. Kwa mara ya kwanza ule usukani utakuwa fasi yake. Lakini mikono ya mutu haibadiliki siku moja, kwa hiyo kwa siku mbili za kwanza mutu wa mbele, ku kiti cha pili, kazi yake ni kusema “kushoto” ku kila rond-point, na dereva hana ruhusa ya kukasirika.

Mafuta ni neno nzito kupita yote. Malawi, miaka hii, imekosa mafuta mara mingi juu ya kukosa dola za kuinunua inje. Bantu banalala ku foleni ya stasyo. Mutu mwenye kwenda bila kujua anaweza kumaliza konje yake ndani ya foleni. Hesabu yetu ni hii: kwenda na kurudi mpaka Lilongwe kilometa 2,600, na kuzunguka ndani ya Malawi karibu 1,300, ni 3,900. Hiace yetu inakula litre 11 ku kilometa 100 ikijaa bantu. Ni litre 430 kwa kila motokari. Tunajaza Chipata mpaka ku shingo, na ndani ya Malawi sheria ni kujaza kila fasi yenye iko mafuta, hata kama tanki iko nusu, hata kama tunakawia. Kama Lilongwe tunakuta hakuna, tunakata safari: tunabakia Salima ku ziwa, kisha tunarudia. Tumesema ile mbele, ku mukutano, juu siku ile mutu asiseme banamudanganya.

Na franga: Zambia banalipa na kwacha, Malawi banalipa na kwacha. Jina moja, karatasi mbili, na thamani iko mbali mbali sana. Mutu mwenye kubadilisha franga ku mupaka anaweza kupewa ya moja kwa hesabu ya ingine. Mama za soko njo batashika franga, si baba. Ile ilipita bila mabishano mingi, tunaweza kusema.

Ndani ya Malawi tunaacha kusini. Blantyre, Zomba, mulima Mulanje wenye kupita metre 3,000, ni bizuri, lakini ni kuongeza kilometa nyingi. Tunashika upande wa kaskazini, ile ya ziwa. Lilongwe tunalala tu usiku moja. Ni mji wa ofisi, umekuwa kapitale toka 1975. Kisha Salima, na pale siku mbili hakuna kuamsha mutu. Ziwa liko na urefu wa kilometa karibu 580. Batoto betu banajua maji ya Lubumbashi, njo kusema banajua bidon. Tunataka baone maji yenye hayana ngambo. Lakini mwezi wa saba upepo wa kusini, wenye kule banaita Mwera, unapiga, ziwa linakasirika kama bahari, basi hakuna kupanda mutumbwi na mutoto. Na pa maji yenye kutulia, yenye majani, kuko bilharzia. Kisha kurudi, kila mutu mwenye aliogea anapita kwa munganga na anasema wazi alikuwa Ziwa Nyasa.

Kisha barabara ya ziwa: Nkhotakota, mpaka Nkhata Bay. Hapa tunataka kusimama, juu ku ile distrikti, karibu na misioni ya Bandawe, alizaliwa Clements Kadalie. Bakijana ba sendika ya mine, jina hilo mulijue. Alisoma Livingstonia, akashuka mpaka Cape Town, na mu 1919 akaanzisha ICU, sendika ya bantu beusi yenye ilifikia kuwa kubwa kabisa mu Afrika ya Kusini. Mutu wa kijiji cha bavuvi. Ni miaka 22 mbele ya Desemba 1941, wakati bantu ba Union Minière bapigwa masasi hapa Lubumbashi ku kiwanja cha mupira, juu bameomba mushahara. Na ku ile pande ileile ya Bandawe njo Elliot Kamwana alianza mu 1908 kubatiza bantu maelfu na maubiri ya Watch Tower, mpaka baingereza bamufukuze. Maneno yale yakapanda na bantu ba kazi, ikaingia Katanga, na sisi tukaita Kitawala. Babelgiji balitupa bantu mingi mu kifungo juu yake. Kwa hiyo mutu asiseme tena Malawi hatuna kitu kule.

Toka Mzuzu barabara inashuka tena ku ziwa mpaka Chitimba. Misioni ya Livingstonia iko juu ya mulima, kilometa 15 tu, lakini ni njia ya udongo yenye kona karibu makumi mabili. Hiace haipandi. Tunaziacha chini, tunapanda na pick-up ya benyeji, yenye banaita matola, ao na muguu kwa benye nguvu. Mama mwalimu amesema yee atapanda hata na magoti.

Karonga ni mwisho wetu. Batoto banaenda ku musée kuona mifupa ya Malawisaurus, ule munyama wa zamani sana mwenye banachimbua ku ile pande. Sisi bakubwa tuko na neno lingine. Nyuma ya Karonga kuko mine ya uraniamu, Kayelekera. Ilifunguliwa mu 2009 na kampuni ya Australia, na mu 2014 ikasimama juu bei ya uraniamu ilianguka kisha Fukushima. Ilitumika miaka tano mbele ya kusimama. Sisi ba Haut-Katanga, benye Shinkolobwe yetu ilitoa uraniamu ya bombe ya Hiroshima na kijiji hakikupata hata taa, tunataka kuikala na bantu ba Karonga mu kivuli na kuwauliza: mine ikilala, mji unakulaka nini? Nani alibakia? Nani aliuzisha nyumba? Likasi na Kipushi banaweza kujibu pia. Lakini mutu anasikiaka mambo yake vizuri zaidi mu kinywa ya mutu mwingine.

Ku kurudi tunashika barabara ya milima, Mzuzu, Kasungu. Na karibu na Dowa, kilometa 45 hivi mbele ya Lilongwe, kuko Dzaleka. Hapa mukutano ulikuwa mugumu. Dzaleka zamani ilikuwa kifungo. Toka 1994 ni kambi ya bakimbizi. Ilipangwa kwa bantu elfu kumi na kidogo, leo banapita elfu makumi matano, na bengi kabisa ni Bakongomani, ba mashariki. Bamoja batoto bao bazaliwa pale na bameoa pale. Kuko hata festival, Tumaini, yenye bakimbizi benyewe banafanyaka toka 2014. Baba moja alisema: konje ni konje, sitaki kuonyesha batoto bangu mateso. Mama moja akamujibu: basi batajua aje kama beko na bahati? Sisi hatukupenda jibu ya kwanza wala ya pili. Bale bantu si musée ya huzuni, na si somo la batoto betu. Tukamaliza hivi: tunaomba ruhusa mbele, na kama banatupa, tunaenda kuuza chakula ku soko yao kama bageni bote, kuongea Kiswahili, na kubeba barua za bale benye kutaka kutuma kwao. Kama hatupati ruhusa, tunapita.

Nani analipa? Kila jamaa inaweka dola 60 kwa mwezi, toka mwezi wa kenda mwaka jana mpaka mwezi wa sita. Jamaa sita, miezi kumi, ni dola 3,600. Mafuta, karte, viza na taksi ndiyo vinakula kwanza, na vinakula mingi. Yenye kubakia ni ya kulala, ku nyumba za bageni za misioni, na ya unga na samaki, juu tunapika sisi wenyewe; kule bukari ni nsima, na samaki yao chambo haiombi mafunzo. Dola 60 si kidogo. Kwa mukrezere yetu kuko mwezi alileta 20, na mwezi mwenye alileta 100. Lakini tulihesabu pia bya inje: pombe ya siku ya mushahara, na nguo za sare za ndoa tatu za bantu benye hatujui vizuri. Hatusemi mutu aache kwenda ku kilio. Tunasema tu tuliandika yote ku karatasi, kwa mwezi moja, na ile karatasi ilitunyamazisha.

Kuko sababu moja zaidi, na tuliwaza kama tuiandike ao tuiache. Baba wa moja kati yetu alitumika Gécamines miaka 31. Mu 2003 akashika ile “départ volontaire” pamoja na maelfu ya benzake. Maisha yake yote alisema: kisha pansyo, mimi na mama yenu tunaenda kuona maji. Ile franga ikakwisha ku masomo na ku hospitali. Wakati alikufa, tulipofungua valizi yake tukakuta pasipoti, ya zamani, safi, bila tampo hata moja. Mama yake eko, eko na miaka 71. Jina lake njo la kwanza ku liste. Munganga amemuangalia, amemupa dawa ya tensyo ya wiki tatu, na amesema anaweza, kama anaikala kiti cha mbele na tunasimama kila saa mbili.

Tunatoka siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa saba, kisha batoto kupata bultini. Mukutano wa mwisho wa karatasi ni siku ya yenga ya pili ya mwezi wa sita. Motokari ziko na nafasi 28, tuko bantu 26. Bado nafasi mbili mu ile ya nyuma, kwa mutu mwenye pasipoti na karte ya manjano. Ile ya bantu.